Vikombe Tisa vya Nyumba ya Mama Khisa

Shiru, siku ile mliyonikatia keki, wewe na wenzako wa dirishani mliniomba niwaandikie "kitu kidogo cha kutusaidia, mzee". Funguo nimewakabidhi, muhuri nimewakabidhi, na ile stuli yenye mguu mfupi pia ni yenu sasa. Hicho kitu kidogo ndicho kimenishinda. Nimekaa hapa sebuleni wiki mbili, chai inapoa, mama wa nyumba hii anapita akiguna, na karatasi zinazidi kuongezeka. Mtanivumilia. Mstaafu hana foleni mbele yake.

Vyeo sitavizungumzia. Mshahara mnaujua, maana mnaupokea. Ninachotaka kuwaachia ni jinsi tulivyokuwa tukifanya kazi kabla ya kompyuta, na kosa moja nililolifanya kwa kujiona mjanja. Kosa hilo nusura limnyang'anye mama mmoja wa mtaa wetu wa Jericho watoto wake wawili kwa mara ya pili.

Siku ya kwanza nilifika ofisini kwa chifu nimevaa viatu vipya vinavyolia kila hatua. Mzee Odero, karani wa zamani aliyepewa kazi ya kunifundisha, hakunitazama usoni. Alitazama viatu.

"Hivyo ni vya kukaa au vya kutembea?"

"Vya kazi, mzee."

"Haya. Basi kazi bado hujaijua."

Akanipa penseli kumi na mbili nizichonge, nikachonga mpaka saa sita. Nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananionyesha zana. Ukiwa nyumbani kwa mtu unaandika kwa penseli, alisema, kwa sababu watu hubadilisha habari zao chai ikishaiva. Wino unautia baadaye, ofisini, ukishalala na habari hiyo siku mbili na bado unaiamini. Kalamu za kubonyeza alizichukia. Alisema zinafanya mtu aandike haraka kuliko anavyofikiri. Alikuwa na kalamu moja ya kujaza wino na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata chifu mwenyewe.

Halafu akanifungulia daftari la kaya. Ninyi hamkuliona likiwa kazini, mmeliona likiwa mzigo. Lilikuwa kubwa, gamba la kitambaa cha kijani, na kila nyumba ya mtaa ilikuwa na ukurasa wake: namba ya mlango, mwenye nyumba, mkewe, kisha watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa. Barua yoyote tuliyoandika ilianzia humo, iwe ya shule, ya kipande cha utambulisho au ya kusafirisha maiti. Mtu akija dirishani tulifungua ukurasa wa kwao kwanza. Kama anayeombewa barua hayumo, Mzee Odero alivua miwani na kumwambia kwa upole, "Mama, huyu unayemsema kwetu bado ni uvumi."

Niseme ukweli, nililipenda lile daftari kuliko inavyofaa. Mchana baada ya kula, jua lilikuwa linaingia kwa lile dirisha la nyuma na kulala juu ya kurasa, nyundo za mafundi zinasikika kwa mbali, na mimi macho yanaanza kuwa mazito. Hapo nilikuwa naona milango ikifunguka. Ukurasa wa arobaini unaomba chumvi kwa ukurasa wa arobaini na moja. Watoto wa kurasa za mbele wanakimbia kwenda kucheza na wa kurasa za nyuma, na mama mmoja anaanika nguo kwenye mistari niliyoipiga kwa rula. Mzee Odero aliniona siku moja nikitabasamu nimefumba macho. Hakunikemea. Aliuliza tu, "Wamelala huko, au bado wanazunguka?" Nikajua kumbe hata yeye huwaona.

Jumamosi tulitembea. Nyumba kwa nyumba, daftari kwenye mfuko wa kaki, kuhakikisha nani amezaliwa, nani amehama, nani ameolewa. Jumamosi yangu ya kwanza niliingia nyumba ya ajuza mmoja wa Kiluhya kutoka Butere, nikaketi, nikashukuru kwa chai, nikafungua ukurasa na kuuliza swali ambalo shuleni wangenipa alama zote: "Nyanya, una watoto wangapi?"

Alisimama. Mimi pia ni Mluhya, nilipaswa kujua.

"Ngapi? Ngapi?" akasema. "Unanihesabia watoto kama mbuzi wa soko? Unataka wapungue? Nani amekutuma?"

Chai ilirudishwa jikoni. Mimi nilirudishwa nje. Mzee Odero alikuwa amesimama mlangoni akitazama mawingu kana kwamba hanijui.

Njiani akanifundisha. Watu wa kule kwetu magharibi, alisema, wengi hawapendi mtu aitaje hesabu ya watoto wao kwa mdomo. Wanahofia kuwa ukiwahesabu, unawaalikia balaa. Wewe unataka hesabu, wao hawataki isemwe, na wote wawili mna haki. Kwa hiyo watu usiwahesabu kabisa. Hesabu vikombe.

"Vikombe?"

"Vya wageni viko kabatini na kitambaa cha kufuma. Hivyo wachana navyo. Tazama vile vya kila siku, kwenye rafu ya jikoni au vimetundikwa misumarini. Kila mtu wa nyumba ana chake, na mtoto anajua chake hata gizani. Vihesabu kimya kimya, halafu umuulize mama, hiki kizuri cha bluu ni cha nani? Atakuambia jina na atafurahi."

Shiru, usicheke. Ilifanya kazi miaka na miaka. Kikombe kikubwa chenye mkono uliovunjika ni cha baba. Chenye kifuniko ni cha nyanya. Cha plastiki chenye alama za meno ni cha kitinda mimba. Nilimkamata bwana mmoja aliyejiandikisha mtaa wa Donholm kama mwenye nyumba, mke mmoja na watoto watatu, halafu nikamkuta Kariobangi kikombe chake kikubwa kikiningoja kwenye rafu ya mke mwingine. Chai ilikuwa bado moto, yeye amejificha chooni. Nilimwandika kurasa zote mbili. Nilipomwambia akaniomba, "Karani, tafadhali, ukurasa mmoja niandike mgeni." Nikamuuliza ni upi. Bado anafikiria.

Kazi ilinifuata mpaka nyumbani. Naliaka wetu alipozaliwa nilimfungulia jalada siku hiyohiyo. Nilikuwa na kitabu cha wageni mezani, chenye safu za jina, atokako, na sababu ya kuja. Mashemeji walisaini wakinung'unika. Siku moja nikamkuta Mama Naliaka ameandika jina lake mwenyewe, na kwenye safu ya sababu ya kuja ameandika, "Naishi hapa, muulize aliyenioa." Nilitia sahihi chini kuthibitisha. Hakuniongelesha mpaka Jumanne.

Sasa nije kwa Mama Khisa.

Mzee Odero alikuwa ameshastaafu, Jericho yote imebaki mikononi mwangu. Mama Khisa alikuwa mama mfupi, mchangamfu, mtu wa Bungoma, anauza mboga mbele ya soko. Mumewe, Baba Khisa, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, mrefu, asiye na maneno. Salamu yake ilikuwa kuinua kofia. Nyumba waliirithi kwa baba yake, mzee aliyefanya kazi reli. Familia ilikuwa haijaandikwa tangu mzee yule afariki, kwa hiyo nilikwenda na penseli mpya.

Nilikaa, nikapewa uji. Nikatazama rafu. Kulikuwa na vikombe tisa. Nyumbani mle nilikuwa nimeona watu saba: baba, mama, Khisa aliyekuwa darasa la tatu, na wadogo zake wanne wanaozungukana mezani. Vikombe viwili vya bati, vidogo, vyeupe vyenye ukingo wa kijani, vilikuwa mwisho wa rafu, vimefunikwa kwa kitambaa kisafi.

"Na hivi vizuri vyenye kijani ni vya nani?"

Mama Khisa alinyoosha kile kitambaa. Kisha akasema, "Kimoja cha Mukhwana. Kingine cha Mulongo."

Hapo ndipo ujanja wangu uliponiponza. Kwetu majina hayo ni ya pacha, wa kwanza na wa pili. Na mtoto anayezaliwa nyuma ya pacha ndiye anayeitwa Khisa. Nilikuwa nimemwona Khisa, na tangu nikae kitako nilikuwa najiuliza pacha wako wapi. Sasa wamepatikana! Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitufe cha shati lake. Kila kitu kililingana: jina na jina, kikombe na kikombe. Nusu ya watoto wa mitaa hii ya Eastlands wanalelewa na nyanya zao mashambani, hilo nani asiyelijua? Sikuuliza neno lingine. Niliandika juu ya Khisa, kwa mpangilio, Mukhwana, Mulongo, na mbele yao nikaongeza kwa akili yangu mwenyewe: *Wanaishi kwa nyanya yao, Bungoma.* Umri nilikisia, wakampita Khisa kwa miaka miwili mitatu.

Mama Khisa alikuwa ameinama, anatazama mkono wangu ukiandika.

"Umewaandika?"

"Nimewaandika, mama."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

Akaniongezea uji. Siku mbili baadaye nikatia wino.

Tangu hapo, kila mwaka shule zikifunguliwa, alikuja dirishani. Mara barua ya Khisa ya shule, mara ya mdogo wake, na kila mara akishapata barua alisema, "Karani, hebu nionyeshe ukurasa wetu." Namgeuzia daftari. Anapitisha kidole taratibu, hakigusi karatasi, kinapita juu yake tu. Halafu anasema asante na kwenda zake. Nilimchukulia kuwa mama anayependa kujiona kwenye vitabu vya serikali. Wako wengi. Baba yangu mwenyewe alikuwa hivyo.

Miaka ikaenda. Khisa akaoa. Kompyuta ikaja, na wewe Shiru ukaja nayo. Unakumbuka tulivyokaa miezi, mimi nasoma, wewe unagonga? Nyumba baada ya nyumba. Wakati mwingine mchana ulikuwa unaniambia, "Mzee, umenyamaza," kumbe nilikuwa nimepotelea kwa ukurasa fulani, nakumbuka mandazi ya nyumba ile. Kisha mashine yako ikatoa orodha ya watu wazima wote wasio na kipande, nawe ukaniita.

"Mzee, hawa wawili wa Jericho ni watu hewa ama? Wako over thirty, hawana kipande, hawana simu, hawana chochote. Wasee wa aina gani hawa?"

"Hao ni pacha wa Mama Khisa," nikasema kwa kiburi. "Wako kwa nyanya yao Bungoma."

Ukacheka. "Miaka thelathini na kitu, bado wako kwa nyanya?"

Nikalivuta daftari. Nilisoma mstari ule tena, mwandiko wangu mzuri, wino mzito. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwaona likizo. Sikuwahi kuwaandikia barua ya shule. Mama yule hakuwahi kuwaombea chochote, ila kuwaona tu.

Sikumwita ofisini. Nilikwenda mwenyewe, mchana, nikamkuta anachambua mboga za kesho, managu na saga, mafungu mawili magotini. Nilipotaja majina hakushtuka. Alisogeza kiti cha plastiki kwa mguu, nikakaa.

"Uliniuliza vikombe ni vya nani," alisema. "Nikakuambia kweli. Hukuniuliza wako wapi."

Aliwazaa nyumbani humohumo, jirani mmoja akimsaidia. Damu ikakataa kukatika, akapelekwa hospitalini hajitambui, watoto wakabaki na baba yao na shangazi. Alikaa huko wiki mbili. Aliporudi alikuta vikombe viwili shangazi alivyokuwa amewanunulia, na kitanda kitupu. Walikuwa wameshapelekwa Bungoma kuzikwa. Siku zile mtoto wa siku chache hakuandikiwa chochote. Alifunikwa, akapelekwa.

"Siku ulipokuja nilikuona unaandika. Nilijua umekosea. Nikasema, acha. Acha wakae mahali. Huko kwako wanakua, wana nyanya, kuna mtu anawapikia. Nilikuwa nakuja kuwaangalia."

Nilichukua managu nikaanza kuchambua nami.

"Na Baba Khisa?"

"Huyo? Tangu nitoke hospitalini hajataja majina yao. Hata mara moja, Karani. Nikawataja siku za kwanza, akatoka nje. Nikanyamaza. Shangazi yao naye alishakufa. Wakati mwingine naona kama niliwaota peke yangu. Ni daftari lako tu linalokubaliana na mimi." Akaweka kisu chini. "Sasa unakuja kuwafuta. Ukiwafuta nitabaki mimi tu."

Nilirudi ofisini. Naibu wa chifu, kijana wetu mpole, mnamjua, alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema maneno ya busara kabisa. "Pole sana, mzee. Lakini ni makosa ya uandishi. Watu hao hawapo. Ijumaa saa kumi gari linakuja kuchukua madaftari kwenda stoo, na kompyuta lazima iwe safi. Futa tu." Kwake ilikuwa kubonyeza kitufe. Mimi wiki iliyofuata nilikuwa nastaafu, na sikutaka jambo langu la mwisho liwe hilo.

Niliamka Jumatano nikiwa na jibu, sijui nililipata usingizini au wapi. Kuna fomu za waliochelewa kuandikishwa. Mtu hawezi kuandikwa amekufa kabla hajaandikwa amezaliwa. Kwa hiyo Mukhwana na Mulongo wakipata fomu ya kifo, lazima kwanza wapate ya kuzaliwa, yenye jina la mama, la baba, nyumba, mtaa. Fomu nne. Zikienda kwa msajili na ushahidi, hakuna kitufe cha kuzifuta. Hawatakuwa kosa langu tena. Watakuwa watu waliozaliwa Jericho na kufa Jericho.

Nilimweleza Mama Khisa sokoni, sauti ya chini. Alikasirika kwanza. "Unataka niwaue kwa karatasi?" Kisha akaniuliza, "Na itaandikwa mimi ndiye mama yao?" Nikamwambia itaandikwa. Akafikiri, akapima mboga za mteja, akarudisha chenji, akasema sawa.

Tatizo ni kwamba fomu ya kifo inataka mtu aliyekuwepo. Yeye hakuwepo; aliyekuwepo ni Baba Khisa.

"Hatakuja," akasema. "Nakuambia, hatakuja."

Sikumwandikia Baba Khisa barua ya kuitwa, ile yenye nembo inayotisha watu. Nilichukua karatasi tupu nikaandika kwa penseli: *Baba Khisa, Ijumaa saa nane njoo ofisini utusaidie kukumbuka.* Nikampa mkewe aiweke chini ya sahani yake. Alhamisi nikamuuliza, akaniambia karatasi haikuwepo tena pale chini ya sahani.

Ijumaa ulikuwepo, Shiru, lakini ulikuwa unafunga masanduku, hukuona mengi. Mama Khisa alifika saa saba, kitambaa kipya kichwani, akakaa kwenye lile benchi la ukutani. Saa nane ikapita. Saa tisa ikapita. Jua lilishuka kutoka mezani likalala sakafuni, likatambaa mpaka miguuni kwake, naye hakuondoa miguu. Nyundo zilikuwa zinagonga huko nje. Ofisi nzima ilikuwa kama imezama kwenye maji ya vuguvugu. Nilidhani nasinzia. Nilikuwa na fomu nne mbele yangu, na sehemu nilizoweza kujaza nilikuwa nimeshajaza. Nilizisoma tena na tena, na ninaandika hivi kwa sababu sitaki mfikiri kazi hii huzoeleka.

Saa tisa na nusu akaingia, moja kwa moja kutoka kiwandani, na ovaroli lake. Kofia aliivua kabisa. Alikaa upande wa pili wa benchi, mbali na mkewe.

"Uliza," akasema.

Nikauliza la kwanza, kuzaliwa. Nilitegemea kimya.

"Mukhwana ni msichana. Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani. Mulongo mvulana, alimfuata kabla maji ya chai hayajachemka." Akataja tarehe na mwaka bila kusita.

Kalamu yangu ilibidi ikimbie. Nikauliza kuhusu kifo.

"Mukhwana, Jumanne, saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limefika kitandani. Mulongo, Alhamisi, saa nane mchana."

"Sababu?"

"Hatukuambiwa. Walikuwa wadogo sana."

"Aliyekuwepo?"

"Mimi."

"Na shangazi yao?"

"Alikuwa amekwenda hospitalini." Kwa mara ya kwanza akageuza uso kidogo upande wa mkewe. "Kukuangalia wewe."

Nikamsogezea fomu, akatia sahihi nne, taratibu, herufi kubwa. Mama Khisa naye akatia zake. Nje, gari la stoo likapiga honi. Naibu wa chifu akachungulia mlangoni, nikamwinulia mkono, na Mungu ambariki, akarudi nyuma na kuufunga mlango.

"Walilia?" Mama Khisa akauliza. Hakuwa ananiuliza mimi.

"Mukhwana hakulia. Alitulia tu. Mulongo ndiye aliyehangaika." Baba Khisa alikuwa anaangalia viganja vyake. "Alikuwa anapapasa kwa mkono. Pale mwenzake alipokuwa akilala. Siku mbili anapapasa."

"Ukafanya nini?"

"Nikampa kidole. Akakishika. Sikutoka pale tena. Nilikaa na kidole mpaka alipokiacha."

Mama Khisa aliinuka, akahamia upande ule wa benchi, akakaa karibu naye hadi mabega yakagusana.

"Baba Khisa. Miaka yote hii ulikuwa unajua saa?"

"Ulirudi umekonda. Ulipowataja nilitoka nje. Nikaogopa nikisema nitakumaliza na wewe."

Mama Khisa alimgeukia. Kisha akamshika ule mkono mkubwa, akaukunja vidole vyote akabakiza kimoja, akakishika.

"Sema tena," akamwambia. "Ya Mulongo. Sema polepole."

Baba Khisa akaanza tena, tangu Jumapili, tangu watu wanatoka kanisani. Fomu zilikuwa zimeshajaa, hapakuwa na kitu cha kuandika. Nikafunga kalamu, nikakaa nikawasikiliza.